Mota Uliyoniletea

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo. Sisi tupo, na kelele za cherehani na za shemeji yako ni zilezile. Je, kikohozi cha wifi kimepona? Mwambie gauni lake liko tayari, asije tu akanenepa kabla halijafika.

Juzijuzi miguu ilianza kufa ganzi, nikaenda kupima. Sukari imepanda. Daktari, binti mdogo asiyejua kucheka, aliniandikia cheti nami nikakipeleka moja kwa moja kwenye dirisha la dawa, nikapanga foleni na wagonjwa wenzangu. Mfamasia alikisoma, akakigeuza, akasema dawa hiyo kwake haipo. Nilipomuuliza nitaipata wapi, akanionyesha mlango wa kutokea. Kumbe nimeandikiwa kutembea kila asubuhi, na nisikae kitako kutwa nzima.

Nilirudi kwa daktari nimefura kwa hasira. Nikamwambia mimi ni fundi, nimekanyaga cherehani tangu ujana, mazoezi anayotaka kunifundisha nimeyafanya kabla hajazaliwa. Akaniuliza kama bado nakanyaga. Nikachukua cheti changu nikatoka.

Sasa natembea. Shemeji yako hunisindikiza mpaka kona ya kwanza, kisha hujifanya kamba ya kiatu imefunguka.

Kaka, hapa naandika kwa shida. Najua kwa nini uliniletea ile mota ya kuendeshea cherehani. Sote tulimwona baba baada ya kukatwa mguu kwa ajili ya sukari, amekaa mbele ya cherehani hiihii, akijaribu kukanyaga kwa mguu mmoja na kushindwa. Hukutaka nami nifike pale. Nililia siku ile uliponifungia, na nakushukuru mpaka leo. Lakini tangu ianze kunishonea, miguu yangu imekaa bure. Ijumaa nimeifungua, nikairudisha kwenye boksi lake na kuivalisha cherehani mkanda wake wa zamani wa kukanyagia. Usinikasirikie. Magoti yananiuma, nashona polepole na wateja wananung'unika, ila miguu bado ninayo yote miwili, na nataka ichoke kwa kazi yangu mwenyewe.

Nawe unawasha gari kwenda duka la hapo mtaani kwenu. Kapime, kaka, nakuomba. Yule hakuwa baba yangu peke yangu.

Wabusu watoto, na wifi mpe salamu zangu zote.

Mdogo wako,
Fundi wa kukanyaga