Kitenge Alichokishika Shukuru

Dafrosa mwanangu,

Maharage yako motoni, yaongezee maji. Nimempeleka mdogo wako Shukuru ofisi ya kata, kwa wale wasaidizi wa sheria wanaofundisha kuandika wosia. Jana hapo mwenyekiti wa mtaa kanikatiza mbele za watu, eti kiwanja nimwandikie mdogo wangu, maana Shukuru hasemi wala hatembei. Hao hao mama yenu aliwaomba waweke njia ya kiti cha magurudumu pale ofisini mpaka akafa, na ngazi ziko palepale! Leo nampandisha mgongoni, wanione.

Asubuhi nimemuuliza, nikifa atakaa na nani? Kashika kitenge chako, kagoma kukiachia. Tumeondoka nacho.

~~Usije.~~ Njoo na kitambulisho, uandikwe mlezi wake. Kama kumlea hutaki, njoo umnyang'anye hicho kitenge mwenyewe.

Baba yako