Nyota za Yamna

Asfi, Jumatatu

Dada yangu Hadda,

Salaam aleikum. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, goti limetulia, na yule mbuzi wako wa pembe moja bado anakutukana kila asubuhi. Mimi mzima. Mgongo unalalamika, lakini mgongo wa mbeba udongo ukinyamaza ujue mwenyewe amekufa. Mwanetu Sanae anapiga simu kila Jumapili kutoka Hispania, anakusalimia sana. Mvua ya kwanza imenyesha, machimbo yamejaa maji, leo hakuna kazi. Ndiyo nimepata nafasi ya kuandika. Mwandiko utanisamehe. Zamani mimi nilikuwa nasema tu, ndugu yako Yamna anaandika.

Umeniuliza mara tatu habari za ile picha ya video ya marehemu mama yenu. Leo najibu. Naanza mwanzo nisije nikaruka kitu.

Ile kompyuta tuliinunua sokoni, mkononi kwa mtu. Mimi sikuitaka. Yamna ndiye aliyerudi na maarifa kutoka darasa la akina mama. Alinifundisha kwa subira kidogo na matusi mengi. Ile programu ya kufungulia intaneti inaitwa brauza. Yetu ilikuwa ya Kiarabu, kila kitu kinaanzia kulia. Akaniwekea sheria moja tu: ikikuuliza neno, ndiyo iko kulia, hapana iko kushoto. Akasema, "Ni kama kula, mume wangu. Jema lote ni mkono wa kulia. Hata wewe utaweza."

Ukurasa ukimpendeza alikuwa anabonyeza kinyota kule juu, basi hauondoki. Alikuwa na nyota kumi na saba. Kulikuwa na mkate wa shayiri. Kulikuwa na cherehani ambayo hatukununua. Kulikuwa na hali ya hewa ya kule kwa Sanae, ili Yamna ampigie amwambie avae koti, na mtoto ana miaka thelathini. Na kulikuwa na ile harusi ya binti wa mjomba wenu, mkanda wa video wa zamani, sijui nani kautia kwenye intaneti. Hauna jina, una tarakimu tu. Dakika ya nne mama yenu anapita na sahani ya biskuti.

Kila Ijumaa tukishamaliza kula kuskusi, Yamna anafungua. Kila Ijumaa anasema neno lile lile: "Mama, angalia sahani!" Kama vile safari hii ataidondosha. Alitaka akuonyeshe ukija Idi. Idi ikafika, yeye hayupo.

Sasa ile brauza ilikuwa imechoka. Kila siku inaandika kwamba imezeeka, ibadilishwe. Yamna alikuwa anaijibu, "Hata huyu hapa kazeeka, mbona sijambadilisha?" Alipofariki ikakataa kunionyesha uso wa Sanae. Sauti nasikia, uso hakuna. Nikavumilia mwezi. Halafu nikamwita Jilali, fundi simu wa hapa chini.

Akaja, akanywa chai yangu yote, akanitilia brauza tatu nichague. Ya kwanza kasi kweli, unagusa imefunguka. Lakini mashine ikaanza kuvuma kama tanuri la vyungu, ungekaanga yai juu yake. Ya pili nyepesi, ila matangazo. Nilitazama viatu mara moja tu, vikanifuata mpaka kwenye hotuba ya Ijumaa. Ya tatu inajivuta kidogo, lakini kimya, matangazo inayafukuza, na herufi unazikuza mpaka mtu wa macho yangu anaona. Nikazijaribu siku nne. Asubuhi hali ya hewa, maana mvua ndiyo bosi wangu, jioni mpira, Jumapili Sanae. Jilali akachoka. "Ami Miludi, unachagua brauza au unachagua mke?" Nikamwambia mke nilichagua kwa siku moja na sikujuta.

Nikachukua ya tatu. Punda wa kilimani huulizi anapanda mbio gani. Unauliza kama atashuka na mzigo mzima.

Ila ilikuja kwa Kifaransa. Jilali akasema ataigeuza, kwanza mteja anamwita. Akaniachia neno moja: ikiuliza kama ihamishe vitu vya zamani, kubali. Akashuka. Ikauliza. Kifaransa sijui, lakini sheria ya Yamna naijua. Nikabonyeza kulia.

Kifaransa kimegeuka, Hadda. Kinaanzia kushoto. Ndiyo iko kushoto, na kulia ni hapana.

Jilali aliporudi akauliza, "Umekubali?" Nikasema nimekubali. Mashine ilikuwa imejaa, akaifuta ile brauza ya zamani apate nafasi. Nikaenda kutafuta nyota. Hamna hata moja.

Nawe nikakuambia fundi kaharibu. Si kweli. Ni mimi. Wewe ukampa dereva wa basi la Jumanne ujumbe, naye hana akili, akausema kwa sauti mbele ya duka la Jilali lililojaa watu: "Hadda wa Shemaia anasema mikono yako ikauke!" Jilali akanitazama, nami nimesimama pale pale. Akaendelea kufungua simu ya watu. Jana nimekwenda kumwomba radhi. Amesema yameisha, ila nikuombe uondoe laana, mkono mmoja umeshaanza kuwasha. Tafadhali iondoe. Ni kijana mwema.

Brauza ameigeuza Kiarabu. Mshale wa kurudi nyuma unatazama kulia kama zamani. Kila siku baada ya sala ya alasiri naketi natafuta harusi. Nimeshaona zaidi ya mia mbili. Wapiga fidla nimewajua kwa sura. Nimeona bibi harusi akisinzia kwenye kiti, nimeona mahema yakiangushwa na upepo. Mama yenu sijamwona.

Na hapa ndipo penye neno lenyewe, lililonizuia kuandika miezi yote hii. Brauza haina kosa. Tatizo ni kwamba sijui natafuta nini. Jilali aliniuliza hema lilikuwa rangi gani. Sikujua. Bwana harusi alivaa nini. Sikujua. Akacheka: "Ami, miaka mitatu, kila Ijumaa, ulikuwa unatazama nini?"

Nilikuwa namtazama Yamna.

Ikikaribia dakika ya nne alikuwa anaacha kutafuna. Anashika ukingo wa meza. Mama yenu akipita, anacheka kabla hajasema lile neno lake, na jicho la kushoto linatangulia kutoa machozi. Hilo ningeweza kukuchorea. Harusi yenyewe sikuiona hata mara moja. Nilifikiri itakuwepo tu.

Kwa hiyo nakuomba uje. Wewe ulikuwepo kwenye ile harusi kwa miguu yako, hema unalijua, wapigaji unawajua. Panda basi la Alhamisi, Ijumaa tuwe pamoja. Kuskusi nitapika mwenyewe, haitakuwa nzuri, utanitukana, ni sawa. Kisha tutaketi. Nitakuwa nakufungulia, wewe unasema siyo, siyo, siyo, mpaka useme ndiyo. Safari hii na mimi nitatazama kioo.

Tukimpata, kinyota bonyeza wewe. Kiko juu, upande wa kushoto. Mimi sigusi.

Wasalimie majirani wote na mwanao mkubwa. Mwambie mbuzi namwogopa bado. Mungu akulinde mpaka tuonane uso kwa uso.

Ni mimi shemeji yako,
Miludi mbeba udongo

Kama hutaki kuja kwa sababu ya nilichofanya, usimtume dereva. Nijibu kwa barua.