Kwa Kavindu, Fundi wa Nondo na Maua ya Magharibi

Mwaka umezunguka sasa, Kavindu wetu, tangu tulipokuleta Kasikeu kutoka hospitalini ukiwa umelazwa jenezani nyuma ya gari la kanisa. Meza yako ya kazi bado iko chini ya dirisha. Kiti chako kimesukumwa ndani vizuri, lakini hatujui ni nani aliyekisukuma. Tukiulizana, kila mtu anamtazama mwenzake.

Kwa wasomaji ambao hawakubahatika kukujua, waambiwe kwamba ulikuwa fundi wa mapambo. Wenzako walitengeneza simba na twiga wa kuuzia wageni. Wewe ulitengeneza nondo, wale wadudu wa usiku wanaofanana na vipepeo. Mikufu, herini na bangili za waya wa shaba, zenye mabawa ya nondo na petali za yale maua ambayo hufunguka jua likizama. Sokoni walikucheka. Mwanamke mzima, mke wa shemasi, anatembea magharibi ameinua uso kutazama miti mpaka anajikwaa kwa mbuzi wa watu! Wengine walinong'ona mabaya zaidi, maana kwetu mtu wa kufuata wadudu wa giza hakosi kusemwa. Uliwajibu kwa kuwauzia herini, na Jumapili tukaziona masikioni mwao.

Ni maua yaliyokuletea Mulwa. Huyu ni mwana wa Musyimi, mkulima wa vitunguu kule Kibwezi, na kando ya shamba lake kuna mbuyu. Alikuwa akikuletea maua yake ndani ya katoni, na kila akifika yamekuwa ya kahawia na yananuka.

"Kijana, hii umeniletea ni maiti," ulimwambia. "Hili ua linafunguka jioni, kesho yake limeanguka. Ukitaka nilione, nipeleke lilipo."

Akakupeleka kwa pikipiki, binti yako Mwongeli akiwa amebanwa katikati yenu. Mkasimama chini ya mti mpaka ua moja likajitikisa na kufunguka mbele ya macho yenu, jeupe, kubwa kama kikombe cha chai. Wewe ulikuwa unatazama ua. Mulwa alikuwa anamtazama Mwongeli. Hata wachungaji wa ng'ombe waliokuwa wakipita waliona.

Katikati ya kila pambo la maana ulitia kifukofuko, ile nyumba ya hariri ambayo kiwavi hujijengea juu ya mgunga akingoja kugeuka nondo. Hapo ulikuwa na sheria zako. Vifukofuko vyenye tundu, ambavyo mwenyewe ameshatoka, ulivisokota uzi. Kwa pambo ulitaka kizima kisicho na tundu, ambacho mdudu alifia ndani kabla ya wakati wake. Hukukubali kuua hata mmoja. Kwa hivyo kila kifukofuko ulikiinua sikioni, ukafumba macho, ukakitikisa. Aliyekufa hulia ndani kama njugu kavu. Aliye hai hugonga mara moja, kwa uzito, kisha hunyamaza. Ukisikia hivyo, ulirudi mpaka mtini na kukifunga kwa uzi palepale ulipokitoa.

"Mwenyewe yuko," ulisema, kama mtu aliyebisha hodi akaitikiwa.

Kisha saratani ikaja, na safari za hospitalini, na zile dawa za kuingizwa kwa mshipa. Nywele zilikwenda, ukajifunga leso. Vidole vilikufa ganzi, ukavifanyia mzaha kwamba sasa unaweza kuipua sufuria bila kitambaa. Lakini kazi hukuiacha. Ulikuwa umeanza mkufu wa Mwongeli, mkubwa kuliko yote uliyowahi kutengeneza, maua ya mbuyu ya shaba iliyopondwa pande zote na kifukofuko kimoja katikati. Hukusema ni wa nini. Sisi tulijisemea kimoyomoyo kwamba ni wa ntheo, wale mbuzi ambao kwetu Wakamba wakishapokelewa, msichana ni mke wa mtu.

Mwongeli naye alijisemea hivyo. Ndipo jioni moja alipojikaza, akaingia, akasimama nyuma ya kiti chako. Ulikuwa umelitazama dirisha ili upate mwanga wa mwisho. Akakuuliza, akikuita mama kwa Kikamba: "Mwaitu, watu wa Mulwa wanataka kuleta mbuzi za ntheo. Niwaambie wakuje?"

Ulichukua waya. Ukaukunja. Ukachukua mwingine.

Alisimama pale mpaka mwanga ukaisha, kisha akatoka nje na kukaa kwenye ngazi za jikoni. Katika nyumba yetu mtoto hamuulizi mzazi jambo la ndoa mara mbili. Ukinyamaziwa, umejibiwa. Ndivyo ulivyomlea wewe mwenyewe, na Mwongeli hakuwahi kukuvunjia heshima. Hakuuliza tena, na hakuna mwingine aliyeuliza kwa niaba yake. Mwezi haukuisha ukatutoka.

Baada ya mazishi dada yako Kalunde aliufunga mkufu kwa leso yako, akautia ndani ya mkebe wa biskuti na kuuweka juu ya kabati. Mwongeli alimwambia Mulwa asubiri, bila kumpa sababu. Mulwa, Mungu ambariki, alisubiri. Mama yake ndiye aliyechoka. Alipiga simu: "Mwambieni Mwongeli hawa mbuzi wanazeeka. Mmoja ameanza kukohoa kama mtu."

Hakujua kwamba Mwongeli alikuwa anakuogopa.

Tuseme ukweli wote. Siku moja alipokuwa akipangusa vumbi aliusogeza ule mkebe, na ndani kitu kikagonga mara moja, kwa uzito, kikanyamaza. Mwongeli alikua akiisikia sauti hiyo mezani kwako tangu utotoni. Lakini wewe hukuwahi kukosea. Maisha yako yote hukutia kilicho hai kwenye shaba, hata mara moja, kwa hivyo hakuweza kufikiri kwamba ni mdudu. Alifikiri ni wewe. Alifikiri umekaa juu ya kabati na lile jibu lako, unamgongea kumkumbusha. Akaacha kupangusa. Akaacha kupita chumba kile jua likianza kuzama, kwa sababu, alituambia baadaye, akipita mlangoni alikuona umempa mgongo.

Mvua za Novemba zilipoanza, mkebe ulianza kukwaruza. Sasa tulisikia sote, tukiwa mezani na chakula mbele yetu. Mumeo Kivuva aliweka kijiko chini.

"Hiyo ni panya," akasema.

"Panya ameingia aje kwa mkebe imefungwa, Baba?" Mwongeli akauliza.

"Panya wa siku hizi wamesoma."

Kivuva aliomba sala ndefu, na wanaomjua wanajua kwamba akiogopa huomba jicho moja likiwa wazi. Asubuhi, baada ya chai ambayo hakuna aliyeimaliza, Kalunde alipanda juu ya stuli na kuuteremsha. Shemasi wetu alisimama mlangoni, tayari kwa lolote, hasa kukimbia.

Ndani ya leso alikuwemo nondo. Wa kahawia, mnene, ameng'ang'ania petali ya shaba. Mabawa yake yalikuwa yamejikunja kama karatasi iliyofinywa mkononi, maana alitoka akakosa nafasi ya kuyatandaza. Kifukofuko cha katikati ya mkufu kilikuwa na tundu bichi.

Mwongeli hakupiga kelele. Alimtazama, akatazama tundu, akatazama tena.

"Mwaitu hangeweka huyu," akasema. "Angemsikia."

Kalunde alikaa kwenye kiti chako, kilichokaliwa kwa mara ya kwanza tangu uondoke.

"Basi hakumsikia," akasema.

Hapo ndipo kila mmoja alipoanza kukumbuka, na kukumbuka kwenyewe kulikuwa kama kupigwa. Redio uliyoifungua mpaka jirani akalalamika. Kanisani ulipochelewa kuanza kila wimbo, ukingoja kuona midomo yetu ikifunguka. Simu iliyolia na kulia ukiwa umekaa kando yake. Ulicheka tulipocheka, ukatikisa kichwa tulipotikisa. Tulisema ni ugonjwa umekupa upole. Kivuva alipiga simu hospitalini, na muuguzi akamjibu taratibu kwamba ndiyo, dawa zile wakati mwingine humaliza masikio, na kwamba mgonjwa mwenyewe aliambiwa mapema, akaomba wasiwaambie wa nyumbani.

Ulijua, Kavindu. Ulijua ukanyamaza, fundi ambaye kazi yake yote ilikaa sikioni. Wiki hiyohiyo mteja wako mmoja wa Makindu alitupigia kwa ukali kwamba herini yake imetotoa akiwa benki. Tulimwomba radhi, kisha tukalia, kisha Kalunde akaanza kucheka na hakuweza kuacha.

Kuna jambo moja bado linatunyima usingizi. Mpaka wiki yako ya mwisho tulikuona ukiinua kila kifukofuko, ukifumba macho, ukikitikisa kwa muda mrefu kuliko zamani. Vidole havikuhisi, sikio halikusikia. Ulikuwa unasikiliza nini? Hakuna miongoni mwetu anayethubutu kulisema hilo kwa sauti jioni.

Mwongeli alimbeba yule nondo kwenye kiganja mpaka kwenye mgunga, akamweka tawini. Magharibi hakuwepo. Kivuva alisema ni kuku amemla.

Usidhani alifurahi. Watu walimpongeza, wakamwambia si umeona, mama yako hakukukatalia. Lakini alikuwa ameomboleza jibu ambalo hukulitoa, na sasa hata hilo hakuwa nalo. Hakukuwa na hapana. Hakukuwa na ndiyo. Kulikuwa na swali lililofika mgongoni pako likaanguka chini. Baba yake alimwambia yeye ameshakubali. "Baba, wewe unakubalia kila mtu," Mwongeli akamjibu, na hilo hakuna anayeweza kulipinga. Alitaka neno lako. Miezi ilipita akilitaka. Alianza tena kuingia chumbani, akasimama nyuma ya kiti mwanga ukiondoka, na sisi tukiwa jikoni tulimsikia akianza kusema na kukatiza.

Wiki iliyopita, tulipoketi kuandika kumbukumbu hii, alituomba nafasi ya maneno yake mwenyewe. Tumeyaweka alivyoyaandika, bila kugusa.

"Mwaitu, siku ile nilisimama nyuma yako. Nilifaa kukuja mbele uone mdomo yangu. Ungeniambia masikio zimeenda, ningekuwa nakuja mbele kila saa. Nimekukasirikia sana juu ya hiyo, na nimekulilia, sijui gani imezidi. Mulwa wa Kibwezi analeta mbuzi Jumamosi. Nimewaambia wakuje. Nitavaa mkufu vile iko, na hiyo shimo katikati. Sikuulizi, Mwaitu. Ningekuuliza tena, ningengoja mpaka nizeeke hapo nyuma ya kiti. Nakuambia tu, ndio usikue wa mwisho kujua."

Unakumbukwa na mumeo, Shemasi Kivuva Mbithi, binti yako Mwongeli, dada yako Kalunde, ukoo wa Mbithi wa Kasikeu na wa Nyamai wa Mbooni, waumini wenzako, na Mulwa Musyimi wa Kibwezi, ambaye Mwongeli mwenyewe ametuagiza tumwandike hapa, pamoja na familia.

Hakuna siku tutakayokusahau, Kavindu. Tungeweza kukuambia hayo ungali hai, tukikutazama usoni.