Niko Eda, na Bima Inauliza Kama Niko Tayari

Mume wangu Sefu,

Sitegemei jibu. Hata ulipokuwa hai hukuwa mtu wa kujibu. Ulipotangulia Doha ukaniacha Tanga, nilikuwa nakuandikia ujumbe mrefu wa simu, nakueleza nani kaolewa, nani kagombana na nani, bati lipi linavuja, nawe unajibu neno moja: "Sawa." Nikikununia unaongeza la pili: "Sawa, bi harusi." Miaka sita ya ndoa na bado nilikuwa bi harusi. Sasa nakuandikia tena, na safari hii angalau una sababu ya kukaa kimya.

Niko chumbani kwetu Muaither, hapa hapa Doha. Vitu vyako viko pale pale, isipokuwa mimi ndiye niliyebadilika mavazi. Navaa nguo isiyo na ua wala nakshi, sipaki wanja, sijitii manukato, udi sijawasha tangu siku ile. Nakaa eda yako. Nilidhani mwanamke akikaa eda anakaa na huzuni yake, wanaongea wawili. Mimi nakaa tu. Napika wali, nakula, naosha sahani. Natandika kitanda kwa zile kona za hoteli ulizokuwa unazicheka, halafu nakaa kwenye kiti nisije nikazivuruga. Watu wanakuja kunipa pole na mimi ndiye ninayewauliza kama wamekula.

Grace wa chumba cha mbele ndiye ana wasiwasi zaidi. Unamkumbuka ulivyokuwa ukimtania, yule Mkenya mlinzi, kwamba anatembea kama yuko lindoni hata akienda kuanika nguo. Akitoka kazini hupita kwangu kabla ya kuvua viatu, ananitazama usoni.

"Mamaa, si ulie kidogo?" aliniambia juzi. "Hii kunyamaza yako inaniogopesha, walahi."

Nikamwambia nitalia nikipata nafasi. Akadhani namtania.

Lakini sikukaa kuandika ili nikueleze habari za kulia. Nataka kukupa habari ya ile bima, kwa sababu ombi lilikuwa langu lakini kazi yote uliifanya wewe, na uliondoka kabla hatujajua mwisho wake.

Siku hoteli ilipotutangazia kwamba inafungwa ijengwe upya, walitukusanya kwenye kantini ya wafanyakazi. Bwana wa utumishi alizungumza vizuri sana. Alisema kila mmoja aandike barua fupi ya kuacha kazi ili mambo yaishe kwa wema, na yeye atatuandikia sifa nzuri. Sisi wa kusafisha vyumba wengi wetu tulikuwa wa kutoka kwetu, na unajua tulivyolelewa. Mkubwa akikuambia uondoke, unamwandikia kumwomba ruhusa ya kuondoka, na mwisho unamshukuru. Nilirudi nyumbani na barua yangu tayari, mwandiko mzuri, wa kishule. Uliisoma umesimama, ufunguo wa gari la watu mkononi.

"Wamekufukuza," ukasema, "halafu na wewe unawaomba wakufukuze?"

"Ni heshima tu."

"Heshima utawapa ukikutana nao barabarani. Hii usiwape."

Ukaichana. Nilikasirika, maana nilikuwa nimeiandika mara mbili. Kesho yake nikaenda kumwambia yule bwana kwamba sitaandika kitu, wao ndio waniandikie. Nilisema nikitazama viatu vyake, lakini nilisema. Wenzangu kadhaa waliandika, na walipokwenda kuidai ile bima ya kukosa kazi tuliyokuwa tukikatwa kwenye mshahara kila mwezi, waliambiwa bima haimlipi mtu aliyeacha kazi kwa hiari yake. Barua zao wenyewe zilikuwa mbele yao. Sikuwahi kukushukuru kwa hilo. Nilikuwa bado nimenuna.

Ukanipeleka Al Sadd, kwenye ile ofisi ya bima iliyo juu ya duka la miwani, muda ule watoto wa bosi wako wakiwa darasani. Ulikuwa umevaa shati la Idi. Nikakuuliza, unakwenda kuomba wewe au mimi? Ukasema mtu akiomba bima lazima aonekane ana watu. Dirishani alikuwa yule mama wa Kisudani mwenye miwani ya kamba, na Kiarabu chako cha udereva kilikuwa na maneno mengi ya kushoto na kulia, machache ya mengine, lakini hukuogopa. Akatueleza masharti. Kazi iwe imekwisha bila mimi kuiacha, nimekatwa mchango muda wa kutosha, na niwe hapa hapa nchini, tayari kuanza kazi nikiitwa. Bima ikinilipa, hoteli nayo itaacha kibali changu cha kuishi kiendelee mpaka bima imalizike au nipate mwajiri mwingine. Akaniuliza mimi, akanitazama mimi: "Uko tayari kufanya kazi?"

Ukajibu wewe. "Yuko tayari, hata leo jioni."

Yule mama akacheka. "Anayeomba ni nani hapa?"

Tulicheka mpaka kwenye ngazi. Ukaninunulia chai ya karak, ile nzito ya maziwa, ukaniambia nikipata kazi nyingine nisitafute ya mbali, kwa sababu umezoea kula chakula cha moto. Hiyo ndiyo siku ninayoikumbuka yote, na sijui kwa nini siyo ya harusi.

Ya kufa kwako nimeambiwa tu. Ulikuwa umeegesha nje ya shule, unawasubiri watoto, kiyoyozi kinapuliza. Mlinzi aligonga kioo akidhani umelala. Asubuhi uliniambia kifua kinakuchoma, nikasema ni yale maharage. Bosi wako alifanya yote kwa haraka na kwa wema, sina la kumlaumu. Nilionyeshwa uso wako, ulikuwa safi, umetulia, ndevu zimechanwa upande usiozichana wewe. Nilitaka kuwaambia. Wakakuswalia alasiri, wanaume wakakupeleka makaburini, na mimi nikarudishwa Muaither na mfuko wa viatu vyako. Njia nzima nilikuwa nawaza kwamba soli ya kushoto imeisha na hukuniambia.

Basi, siku ya kurudi Al Sadd kuhojiwa mara ya mwisho ikafika nikiwa edani. Nilikwenda mchana, Grace akanisindikiza kwa sababu ilikuwa siku yake ya kupumzika. Yule mama wa Kisudani hakunitambua mwanzo. Akapitia makaratasi, akauliza lile swali lake.

Nikasema, "Niko eda."

Sikupanga kusema hivyo, Sefu. Mtu akiniuliza siku hizi, kinachotoka ndicho hicho. Muuza duka akiniuliza kama nataka mfuko, nusura nimwambie niko eda.

Aliweka kalamu chini. Akanipa pole kwa Kiarabu kirefu, akakuombea. Nilijua amekukumbuka, maana alitazama nafasi iliyo kando yangu. Halafu akasema kwa Kiingereza chepesi, kwa sauti ya chini, "Dada yangu, hapa mimi nina ndiyo na hapana. Eda sina pa kuiandika."

Nyuma yangu watu wamejipanga.

"Nitakupigia Alhamisi," akasema. "Nenda kakae, ufikirie. Leo sijakusikia."

Sasa nikueleze nilivyobanwa, kwa sababu wewe hupenda mambo yawekwe wazi. Bima ikinikubali, nabaki na kibali, nalipa kodi, naimaliza eda yako humu humu tulimoishi, inavyotakiwa. Bima ikinikataa, hoteli inafuta kibali, chumba kinakwenda, nami napanda ndege eda ikiwa nusu, nakuacha kwenye nchi hii huna hata mtu mmoja. Lakini ili bima inikubali, lazima niseme niko tayari kutoka na kwenda kazini. Mke wa eda anasemaje hivyo?

Ndugu yako Kassim alipiga simu kutoka Tanga. "Shemeji, rudi nyumbani," alisema. "Eda utaimalizia kwa mama. Huko unamkalia nani?" Hakuwa na ubaya, unamjua. Nikamwambia nitampigia, na sijampigia.

Grace yeye hakuona tatizo liko wapi. "Sema tu yes. Kwani watakuja kukucheki kama uko ready? Mimi niliapply hii job nikiwa na malaria, nikasema niko fit kabisa."

"Hiyo ni yako. Hii nimemuwekea Mungu."

"Basi muulize mtu wa Mungu wenu. Lakini uulize haraka, mamaa, Alhamisi ni kesho kutwa."

Nikampigia Bi Salma, yule Mzanzibari anayewasomesha wanawake Ijumaa, anayepikia familia ya kule nyuma ya msikiti. Alikuwa anakaanga kitu, namsikia anakigeuza. Nikamweleza yote. Hakufikiri hata kidogo.

"Mwanangu, alofiwa na asiye na wa kumlisha hutoka mchana akahangaikia riziki yake, usiku akarudi akalala kwake. Hilo halina mgogoro. Hukulijua?"

Nikasema nilisikia zamani.

"Hukupiga simu kuuliza kama yafaa," akasema. "Umepiga ukitaraji nikwambie haifai." Kisha akaniambia kitu chake kinaungua, akakata.

Nilikaa na simu mkononi. Alikuwa amenikamata. Nilikuwa najua, Sefu. Nilijua tangu siku ile dirishani kwamba naruhusiwa. Nilichokuwa nakitaka ni mtu mwenye elimu aniambie bado siruhusiwi, nisitoke, nisitafute, nisijibu, nikae hapa na kona zangu za kitanda mpaka eda ikatike na hata ikishakatika. Si kwa ajili ya dini. Kwa ajili ya kwamba sihisi kitu, na mtu asiyehisi kitu ni rahisi akakae mahali ambapo hadaiwi kuhisi. Naona aibu kuandika hivi, lakini kwako nimeshawahi kuaibika zaidi.

Na ninaogopa. Hilo nalo lipo. Nikishika ufagio wa hoteli nyingine, nikajifunza majina ya wasimamizi wengine, nitakuwa nimeanza mambo ambayo wewe huyajui. Hutaijua hoteli hiyo iko mtaa gani. Utakuwa umebaki nyuma.

Alhamisi yule mama akapiga mapema, nilikuwa nimetoka kuswali dhuha. Hakuzunguka. Akauliza.

"Mchana, ndiyo," nikamwambia. "Niko tayari. Usiku lazima nilale kwangu mpaka eda iishe."

Nikasikia anaandika. "Nimeweka ndiyo. Zamu ya usiku sitakuletea, hilo niachie mimi." Akaendelea kuandika. "Umestahili, dada. Kuanzia mwezi huu."

Nilisema alhamdulillahi. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu anayepokea mzigo wa jirani.

"Kuna kitu kimoja kimebaki," akasema. "Namba ya mtu wa kupigiwa likikutokea jambo. Hii iliyopo hapa haipatikani."

Ilikuwa yako. Simu yako nimeizima mimi mwenyewe, iko kwenye droo pamoja na mkanda wako. Nikaanza kupitisha watu kichwani. Grace akiwa kazini simu yake huwekwa kabatini, hupewa akimaliza zamu. Kassim yuko Tanga, akipigiwa kwamba nimeanguka Al Sadd atafanya nini zaidi ya kuwaambia watu. Bi Salma hana kauli na muda wake, muda ni wa mabosi. Nilikuwa bado nawahesabu yule mama alipoita, "Dada?"

Nikamtajia namba yangu.

Akaandika, akasita. "Hii si ndiyo hii ninayokupigia?"

"Ndiyo hiyo."

Hakubisha. Akairudia yote, tarakimu moja moja, taratibu, nami nikaitikia kila moja mpaka ikaisha.

Ameshanitafutia usaili, mume wangu. Jumapili, Al Sadd, hoteli ndogo, kazi ya vyumba, zamu ya asubuhi. Nitavaa ile nguo nyeusi isiyo na kitu. Viatu vyako nimevipeleka kwa fundi abadilishe soli, sijui ni vya nani sasa, lakini sikuweza kuviacha vile. Bado sijalia. Grace ameacha kuuliza.

Mungu akulaze pema, akupanulie. Nimeona nikuage kabla sijatoka, kwa sababu sijawahi kutoka bila kukuambia naenda wapi. Nitarudi kabla ya magharibi.

Mkeo