Ndiyo Niliyokwambia kwenye Simu

Hospitalini, Kigali

Dada yangu mpendwa Shami,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Kahama, wewe na wajukuu, na kile kifua chako kimetulia. Nyumbani Rwezamenyo wote hawajambo. Mimi mgonjwa wao nakula, nalala na nabishana, kwa hiyo usianze kulia.

Aliyekuletea barua hii ni Usumani, jirani yetu dereva wa lori. Utajiuliza kwa nini niandike wakati simu zipo. Vumilia, nitafika huko.

Kile kidonda cha sukari mguuni kimegoma kupona. Daktari wangu, Kirezi, msichana mdogo tu, alinieleza kwamba kuna njia mbili: kuukata mguu chini ya goti sasa, au kuendelea kusafisha kidonda na kuchoma sindano, huenda ukapona, huenda uozo ukapanda hadi pajani. Kisha akaniuliza ninataka ipi. Dada, tangu nizaliwe daktari hajawahi kuniuliza hivyo! Nikajibu, "Yego, muganga," yaani ndiyo, daktari. Akauliza kama basi tuendelee kusafisha, nikasema tena yego. Unajua tulivyolelewa, kumkatalia mkubwa ni kukosa adabu, na koti jeupe ni ukubwa tosha. Wifi yako Mukantwari ndiye mrwaza wangu, yaani anayelala hapa wodini kuniuguza. Daktari alipotoka, aliniuliza nimekubali nini. Sikujua.

Wodi nzima ikaingilia. Mzee Twagirayezu wa kitanda cha dirishani alisema daktari anayemuuliza mgonjwa atibiweje hakumaliza shule. Eddie, aliyekulia Uganda, akasema mguu ni wangu, daktari ana kisu tu. Mzee akajibu kwamba yeye akiachiwa kuamua, atachagua kwenda nyumbani akale nyama choma. Tulicheka mpaka nesi akaja kutunyamazisha. Lakini rohoni nilijikasirikia. Miaka yote nalalamika kwamba madaktari hawatuulizi, na siku nilipoulizwa nikaitikia kama mtoto wa madrasa.

Kesho yake nilimwomba Kirezi akae. Nikamwambia ile yego ilikuwa ya heshima, haikuwa ya kukubali. Hakukasirika. Nilimuuliza kama nitaweza tena kukanyaga cherehani. Akasema kwa mguu mzima wa kushoto anaweza kuniahidi, kwa ule wa bandia nitakaowekewa kulia hajui. Nilimwamini zaidi kwa kusema hajui.

Sasa nisikilize, dada. Uliponipigia ukasema nisikubali kukatwa mpaka uje na ndugu mkae kikao, nilikwambia ndiyo. Ilikuwa ndiyo ileile niliyompa daktari. Wakati huo nilikuwa nimeshamwambia Kirezi akate. Wewe ndiye uliyenilea baada ya mama, na nikisikia sauti yako siwezi kukukatalia kitu, ndiyo maana naandika. Usumani ataondoka nikishatoka chumba cha upasuaji. Ukiisoma hii, mguu haupo.

Naogopa sana. Nimeshalia, na Mukantwari amelia nami. Lakini nimechagua mwenyewe, na nimechagua kuishi.

Wasalimie wajukuu, na wape pole kwa babu yao mkaidi. Kikao hakipo tena, dada, ila kitanda changu kina nafasi ya mtu kukaa pembeni. Njoo na hasira zako zote, unigombeze nikiwa hai.

Ni mimi mdogo wako,
Maneno