Kikao cha Kumteua Mwamuzi wa Fainali Kuu na Suala la Kidole cha Katibu

CHAMA CHA WAAMUZI WA RAGA YA LIGI, WILAYA YA GARRABEE

Kikao cha tano, msimu wa 2023

TAREHE: Jumapili, 27 Agosti 2023
MAHALI: Chumba cha nyuma, Klabu ya Matufe ya Garrabee, baadaye uwanja wa nyasi wa klabu hiyo wa kuviringishia matufe
KUANZA: Saa 4:10 asubuhi. Mwaliko ulisema saa 4:00. Funguo za chumba alikuwa nazo Katibu.

WALIOHUDHURIA
1. Bi. Noreen Castorina – Mwenyekiti
2. Bw. Neville Sandrini – Katibu na mwamuzi wa daraja la kwanza
3. Bw. Kev Dunstall – Mpangaji wa waamuzi
4. Bi. Shanelle Tass – Mwamuzi wa daraja la kwanza
5. Mzee Merv Oxenham – Mjumbe wa maisha
6. Bw. Craig Haupt – Mshika kibendera
7. Bw. Glen Haupt – Mshika kibendera (pacha wa namba 6)

WASIOHUDHURIA
1. Bw. Ashley Tuckwell – kwa udhuru, harusi ya dada yake
2. Bw. Trent Vella – bila udhuru. Alionekana akipita nje ya klabu na gari akivuta mashua.

KUMB. NA. 5/1: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti aliwakaribisha wajumbe na kuwakumbusha kwamba fainali kuu ni Jumamosi, tarehe 9 Septemba, kati ya Halfway Creek na Bluegum, na kwamba mpaka sasa mechi ina wachezaji, ina uwanja, ina wauza soseji, haina refa.

KUMB. NA. 5/2: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Mzee Merv alilalamika kwamba kumbukumbu za Julai zilikuwa kurasa kumi na moja, wakati kikao kilichukua dakika arobaini. Alisema, "Nev, hata Agano la Kale kuna mahali linapumzika." Katibu aliahidi kufupisha. Kumbukumbu zilithibitishwa na Bw. Craig Haupt, ambaye hakuzisoma, na kuungwa mkono na Bw. Glen Haupt kwa sababu hiyo hiyo.

KUMB. NA. 5/3: YATOKANAYO: JARIBIO LA MBIO

Bw. Dunstall alisoma matokeo ya jaribio la mbio la tarehe 6 Agosti. Bi. Tass alikuwa wa kwanza. Katibu alikuwa wa mwisho, nyuma ya Mzee Merv, ambaye hakuwa anashiriki bali alikuwa anakusanya koni. Matokeo yalipokelewa.

KUMB. NA. 5/4: BARUA YA MALALAMIKO KUTOKA KLABU YA HALFWAY CREEK

Mwenyekiti alimwagiza Katibu asome barua hiyo. Katibu aliuliza kama mtu mwingine angeweza kuisoma, kwa kuwa inamhusu. Mwenyekiti alisema, "Soma, Nev. Wewe ndiye mwenye miwani."

Barua ilieleza mechi ya Jumamosi, tarehe 5 Agosti, iliyochezeshwa na Katibu. Zikiwa zimebaki dakika mbili, Halfway Creek wanaongoza kwa pointi mbili, nahodha wao, Bw. Dougie Attard, alimtazama refa ajue wamekabwa mara ngapi. Kanuni inajulikana: timu ikikabwa mara ya sita inanyang'anywa mpira, kwa hiyo baada ya mara ya tano refa huinua mkono, vidole vyote vitano wazi, na timu hupiga mpira teke mbali. Bw. Attard aliona vidole vinne. Akadhani ana nafasi nyingine, akakimbia na mpira, akakabwa, akanyang'anywa. Bluegum wakaenda kufunga upande wa pili. Barua iliongeza kwamba hakuna aliyesikia refa akitaja namba, kwa sababu treni ya miwa ilikuwa inapita nyuma ya goli ikipiga honi.

Barua ilimalizia: "Hatudai matokeo yabadilishwe. Tunaomba tu kwamba fainali ichezeshwe na mtu mwenye mkono uliotimia."

Katibu alieleza kwamba ishara ilikuwa sahihi. Aliinua mkono wote. Ni kwamba tangu tarehe 14 Mei mkono huo hauna kidole cha mwisho, ambacho kilibaki kwenye winchi ya tela ya boti yake. Mwenyekiti alikumbusha kwamba tarehe 14 Mei ilikuwa Siku ya Akina Mama, na kwamba mke wa Katibu anayo maoni yake kuhusu nani alikuwa ziwani siku hiyo.

Bw. Dunstall aliuliza kwa nini Katibu hainui mkono wa kulia. Katibu alijibu kwamba wa kulia unashika filimbi, na umeishika kwa misimu kumi na tisa.

Mwenyekiti alitaka kujua kama jambo hili limewahi kutokea kabla ya tarehe 5 Agosti. Katibu alisema hapana. Kisha, kwa kuwa yeye huandika shajara kila siku na alikuwa nayo mkobani, aliifungua ili kuthibitisha, na akasoma kwa sauti:

"24 Juni. Nahodha wa Bluegum aliniuliza mara tatu: hii ni ya ngapi? Huenda ana matatizo ya macho."

"8 Julai. Tena. Safari hii mchezaji wa Halfway Creek. Nikamjibu aangalie mkono."

"22 Julai. Vijana wa siku hizi hawafundishwi kuhesabu. Niwaandikie walimu."

Bi. Tass aliuliza kama barua kwa walimu ilikwishatumwa. Katibu alikiri kwamba ilitumwa.

KUMB. NA. 5/5: JARIBIO LA UWANJANI

Bw. Dunstall alieleza kwamba katika orodha yake ya Julai ya ubora wa waamuzi Katibu alikuwa wa kwanza, kwa mara ya kwanza katika misimu kumi na tisa, na fainali ilikuwa imeshaandikwa jina lake kwa penseli. Alikumbusha pia kwamba Katibu atatimiza miaka hamsini na sita mwezi Februari, na kanuni ya chama inasema hakuna mwamuzi wa daraja la kwanza anayezidi miaka hamsini na tano. Kwa hiyo ni fainali hii au hakuna tena.

Mzee Merv aliomba kikao kiambiwe ni nani aliyeiandika kanuni hiyo mwaka 2011, na ilikuwa inamlenga nani. Katibu alisema majibu yote mawili yamo kwenye kumbukumbu za 2011.

Iliamuliwa kufanya jaribio. Wajumbe walitoka nje. Katibu alisimama upande wa pili wa nyasi za matufe, umbali wa mita arobaini, akapuliza filimbi na kuinua mkono wa kushoto.

Mwenyekiti: nne. Bw. Dunstall: nne. Bi. Tass alisita, akasema nne. Bw. Craig Haupt: nne. Bw. Glen Haupt: "Kama alivyosema."

Mzee Merv alisema, "Tano."

Mwenyekiti alimuuliza, "Merv, unauona mnara wa maji pale?" Mzee Merv alijibu, "Mnara gani?" Ikumbukwe kwamba Mzee Merv anasubiri upasuaji wa mtoto wa jicho mwezi Oktoba.

Katibu aliagizwa abadilishe mikono. Alipuliza mara ya kwanza vizuri. Mara ya pili aliinua juu mkono wenye filimbi na kupeleka mdomoni mkono mtupu. Alipuliza hata hivyo.

Kwa pendekezo la Bw. Craig Haupt, Katibu alivalishwa glavu ya mtunza bustani, kidole cha mwisho kikiwa kimejazwa soksi. Upepo ulikilaza kidole. Bw. Craig Haupt alisoma "nne na nusu." Jaribio lilifungwa, glavu ikarudishwa.

KUMB. NA. 5/6: UTEUZI WA MWAMUZI WA FAINALI KUU

Wajumbe walirudi ndani. Mwenyekiti aliwataja wanaostahili kuwa wawili: Katibu na Bi. Tass.

Bi. Tass aliomba jina lake liondolewe. Alisema, "Sitaki fainali ya kuokota kwenye tela ya boti. Huyu baba ndiye aliyenifundisha nisimame wapi na ninyamaze lini. Mpeni. Hao Halfway Creek wakishindwa kuhesabu, waniangalie mimi pembeni, nitawaonyesha vidole kumi."

Bw. Dunstall alisema si swali la nani anapendwa. Bi. Tass alimjibu kwamba kama lingekuwa swali hilo, Bw. Dunstall asingepanga hata mechi za watoto. Mwenyekiti aligonga meza.

Mzee Merv alisema yeye kura yake ni kwa Katibu. Mwenyekiti alimuuliza kama ni kwa sababu ya alichokiona uwanjani. Mzee Merv alisema, "Noreen, mimi si kipofu kiasi hicho." Kisha akamgeukia Katibu: "Ulipoandika ile kanuni yako nilikuwa nakuacha mbali kwa mbio. Nimekukasirikia miaka kumi na miwili. Leo nakupa kidole cha bure, kichukue."

Katibu aliomba kusema. Alichosema kimeandikwa hapa kwa ufupi, kwa kuwa Katibu ndiye mwandishi.

Alisema kwamba mara tatu mwaka huu wachezaji walimwambia hawaoni, na mara tatu aliandika kwamba wao ndio wabovu. Mchezaji anayekimbia ana nusu sekunde ya kumtazama refa, na nusu sekunde haitoshi kumwonea huruma. Alisema angependa fainali hiyo kuliko anavyopenda vitu vingi. Aliondoa jina lake. Alitoa hoja kwamba fainali kuu ichezeshwe na Bi. Shanelle Tass, na kwamba yeye ashike kibendera, kwa kuwa kibendera hushikika kwa vidole vyovyote vilivyopo.

Bi. Tass alisema, "Nev, acha." Katibu alisema hoja ipo mezani na haiwezi kuondolewa na asiyeitoa, kifungu cha saba. Bi. Tass aliuliza ni nani aliyekiandika kifungu cha saba. Wajumbe walicheka.

Mzee Merv aliunga mkono hoja, akisema anafanya hivyo kwa kumkasirikia Katibu upya.

Kura ilipigwa kwa kuinua mikono. Katibu alihesabu: Mwenyekiti, Bw. Dunstall, Mzee Merv, Craig, Glen. Bi. Tass aliinua wake baada ya Mwenyekiti kumtazama. Sita. Kisha Katibu aliinua wake, na kwa kuwa wa kulia ulikuwa na kalamu, aliinua wa kushoto.

Mzee Merv aliomba iandikwe kwamba mkono huo uhesabiwe kura moja kamili, siyo sehemu nne za tano.

Ilikubaliwa. Waliounga mkono: saba.

KUMB. NA. 5/7: MENGINEYO NA KUFUNGA

Katibu aliagizwa kuandika barua mbili: moja kwa Halfway Creek kuwajulisha uteuzi, na nyingine kwa walimu kuwaomba radhi. Wajumbe walitawanyika saa 6:05 mchana, sandwichi za mayai zilipofika.

.................................
Noreen Castorina, Mwenyekiti

.................................
Neville Sandrini, Katibu na mshika kibendera, fainali kuu 2023