Ngowa na bei ya chaji

Idah, huwezi kuamini alichofanya kaka yangu Ngowa leo!

Kaenda kuchaji tuktuk yake ya umeme pale Watamu kwa Mama Janet, kakuta bei imepanda. Akamwita mwizi. Mwizi, Idah! Mbele ya madereva wote!

Mama Janet hata hakufoka. "Umeme nalipia, ploti nalipia, na tuktuk zinazokuja ni sita tu. Zingekuwa ishirini ningeshusha. Haya, endesha wewe." Akampa funguo, akaenda zake.

Akaenda zake kweli!

Ngowa yuko hapa nyumbani, hatulii, anazunguka na funguo mkononi. Madereva wanampigia yeye, wanauliza kesho chaji ni bei gani.

Sasa hivi kamjibu mmoja, kwa sauti ndogo: "Ni ileile ya Mama Janet."